Usipige dabo kwa kiherehere!

KIJIWENI kwetu Mwananyamala, karata za wawili kwa wawili zina lugha yake. Mwenzio akijikuna sikio, ana ree. Akikohoa, hana kitu. Akikukonyeza... hapo ndugu yangu tupa turufu bila kuuliza! Ndivyo nilivyokulia, na kwa kukonyeza nilikuwa bingwa wa mtaa.

Sasa msomaji wangu, jaribu kuyapeleka hayo mezani kwa Mwalimu, kule Upanga. Siku yangu ya kwanza nilijikuna sikio mara moja tu. Mwalimu akaweka karata zake chini, akavua miwani, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama enzi za tuisheni ya Hesabu.

"Mwanangu, una chawa au unaiba?"

Weee! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Wageni wakacheka hadi chai ikamwagika.

Mkasa wangu wa wiki hii unahusu mchezo unaoitwa briji, neno moja linaloitwa dabo, na kiti kimoja cha mbao ambacho nusura nikikose kwa sababu ya mdomo wangu.

KITI CHA MAREHEMU

Mwalimu ni mama mstaafu aliyenifundisha tuisheni nilipokuwa narudia mtihani wa kidato cha nne. Hesabu zenyewe zilinishinda, lakini heshima ilibaki, na kila nikipita Upanga lazima nibishe hodi na kumpa shikamoo yake.

Yeye na marehemu mumewe walicheza briji kila Jumatano kwa miaka mingi, dhidi ya jirani yao Daktari mstaafu na mkewe. Mzee alipofariki, karata zikaingia kabatini. Daktari na mkewe waliendelea kuja kila Jumatano, wakanywa chai, wakaangalia kile kiti kitupu, wakaondoka. Mwaka mzima!

Ndipo siku moja Mwalimu akaniambia, "Wewe Hesabu zilikukataa, labda karata zitakukubali. Kaa hapo."

Akanipa miezi mitatu ya majaribio. "Nikiona mimi na wewe tunaongea lugha moja, kiti ni chako," alisema. "Nikiona hatuelewani, karata zinarudi kabatini na mimi sizitoi tena. Sina umri wa kufundisha mtu mwingine."

Kwa hiyo usidhani nilikuwa nacheza tu. Bi mkubwa wa watu alikuwa ananitegemea nimrudishie Jumatano yake.

BRIJI YENYEWE NI NINI?

Karata ni zilezile 52 unazozijua. Watu wanne, kila mmoja 13. Mnaokaa kuelekeana ni wenza. Wataalamu wa hesabu wanasema karata 13 unazoweza kugawiwa zina aina 635,013,559,600, kwa hiyo usitegemee kuona mkono uleule mara mbili kabla hujafa.

Kwanza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu anataja idadi na aina: pau, uru, kopa, shupaza, au bila turufu. Unaahidi kwamba wewe na mwenzio mtakula mizunguko mingapi kati ya 13. Sita za kwanza hazihesabiwi, kwa hiyo ukisema "tatu bila turufu" umeahidi tisa, na ukisema "shupaza sita" umeahidi kumi na mbili. Si mchezo! Dau la mwisho ndilo mkataba.

Upande ulioshinda mnada, yule aliyetangulia kuitaja aina hiyo ndiye mchezaji. Mwenzake anafunua karata zake zote mezani, anaitwa dami. Lakini kabla dami hajafunua, mpinzani aliye kushoto kwa mchezaji lazima atupe karata ya kwanza. Anatupa gizani! Mara nyingi karata hiyo moja ndiyo inayoamua nani acheke na nani anune.

Mfumo huu wa alama ulitengenezwa na tajiri wa Kimarekani, Harold Vanderbilt, mwaka 1925 akiwa safarini melini. Tangu hapo umewanasa wakubwa kibao. Deng Xiaoping wa China alikuwa mgonjwa wa briji. Bill Gates na Warren Buffett wamewahi kucheza pamoja. Mwafrika mwenzetu Omar Sharif, yule mcheza sinema wa Misri aliyefariki mwaka 2015, aliichezea nchi yake kwenye Olimpiki ya briji ya mwaka 1964 kule New York. Kwa hiyo usije ukasema ni mchezo wa wazee waliokosa kazi.

DABO NDIYO KONYEZO LA HALALI

Ukiwa mnadani unaruhusiwa kusema "dabo" dhidi ya dau la mpinzani. Maana ya asili: "Huwezi, na ukishindwa utalipa zaidi." Mpinzani naye akijiamini anakujibu "ridabo", mambo yanapanda tena.

Lakini wajanja waligundua matumizi mengine. Katika briji kuna madau ambayo hayamaanishi yanachosema. Mfano, Daktari anafungua "moja bila turufu". Mkewe anajibu "pau mbili". Usidhani mama ana pau! Anauliza tu, "Mume wangu, una kopa nne au shupaza nne?" Swali hilo linaitwa Stayman, kwa jina la Mmarekani Sam Stayman aliyeliandika mwaka 1945.

Sasa mimi nakaa baada ya mke wa Daktari. Kama nina pau za moto, naweza kusema "dabo". Maana yake: "Mwenzangu, watu hawa hawataki kucheza pau, lakini mimi ninazo. Ikifika zamu yako ya kutupa ya kwanza, anzia pau." Hakuna kujikuna wala kukohoa. Meza nzima imesikia, na meza nzima inajua maana yake. Ni konyezo la halali!

Tatizo ni moja: lini useme, lini ufunge mdomo?

KOSA LA KWANZA: NILINYAMAZA

Wiki ya tatu. Daktari kafungua moja bila turufu, mkewe kasema pau mbili. Mimi mkononi nina pau tano: kingi, kwini, jeki, kumi na tano. Pembeni nina ree ya uru. Mkono mtamu kama halua! Nikasema... pasi.

Nilipasi kwa sababu nilijiona mdogo. Nikajisemea, nani kaniuliza? Daktari akajibu uru mbili, maana yake hana kopa nne wala shupaza nne. Mkewe akaruka hadi tatu bila turufu.

Mwalimu ndiye wa kutupa ya kwanza. Ana kopa tano ndogondogo zenye kwini juu, na pau mbili tu, tisa na tatu. Wewe ungefanya nini? Akatupa kopa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angetupa. Dami akafunua ree na kingi ya kopa! Daktari akala, akaja kunitoa ree yangu ya uru, na nilipopeleka pau yeye akatoa ree ya pau, akamaliza kazi. Mizunguko kumi. Alama 430 kwao.

Baada ya hapo Mwalimu akazifunua zote mezani tuone. Angeanza na pau tisa, Daktari angekuwa na ree moja tu ya kuzuia. Angelazimika kunitoa ree ya uru, mimi ningeingia na kula pau zangu zilizobaki. Jumla pau nne na ree ya uru, mizunguko mitano, mkataba umevunjika. Badala ya wao kupata 430, sisi tungepata 50.

"Ulikuwa na pau zote hizi na umekaa kimya?" Mwalimu aliuliza taratibu. "Mimi ningejuaje, mwanangu? Nilale niote?"

KOSA LA PILI: NILIROPOKA

Basi nikaapa. Wiki iliyofuata, mke wa Daktari aliposema tu pau mbili, mimi huyo: "DABO!" Kwa sauti ya kondakta wa daladala.

Nilikuwa na nini? Kingi ya pau, na nyingine nne ndogo: nane, sita, tano, nne. Basi! Hakuna kwini, hakuna jeki, hakuna kumi.

Daktari akaniangalia, akatabasamu kama mtu aliyeokota pochi. "Ridabo," akasema. Mwalimu akapasi, mkewe akapasi, na mimi nimeganda kama barafu. Mnada umeishia hapo! Daktari alikuwa na ree, kwini, jeki na kumi ya pau, zote nyuma yangu. Mkewe alikuwa na tatu. Mwalimu wangu alikuwa na pau moja peke yake.

Wakacheza pau mbili zilizopandishwa mara mbili, wakala mizunguko minane bila hata kutoka jasho. Alama 560! Ningenyamaza, wangeishia bila turufu mbili, alama 120.

Mwalimu hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikusanya karata taratibu, akazifunga kwa mpira, akasema leo amechoka. Nilimuona akiangalia kabati. Siku ile nilitoka Upanga hadi Mwananyamala kwa miguu, si kwamba sina nauli, nilitaka tu kufikiri.

MASWALI MANNE KABLA HUJAFUNGUA MDOMO

Jumamosi nikarudi bila kualikwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia, "Mwalimu, nifundishe tena. Niandikie kama tuisheni." Akachukua daftari. Nakupa na wewe bure:

1. Nani ataanza? Dabo ya kuelekeza ina maana pale tu ambapo mwenzio ndiye atakayetupa karata ya kwanza. Kama mnada unaonyesha mchezaji atakuwa yule aliye kuliani kwako, basi wa kutupa ni wewe mwenyewe. Sasa unamkonyeza nani, kivuli chako?

2. Zina nguvu kweli? Dhidi ya dau la chini kama pau mbili, uwe na tano au zaidi, tena zenye vichwa vinavyofuatana. Wanaweza kuamua kukaa hapohapo wakucheze, kama nilivyochezwa. Dau likiwa juu, kwa mfano uru tano katikati ya safari ya kwenda sita, hata kingi na kwini pamoja na nyingine ndogo zinatosha, maana ni nadra watu kusimama hapo.

3. Unaitaka hiyo kuliko nyingine? Kuwa na karata nzuri si sababu. Ukisema dabo umemfunga mwenzio. Ataacha wazo lake zuri, atafuata lako. Je, lako ni zuri zaidi?

4. Unawapa nini wapinzani? Kila ukisema dabo unawafungulia milango miwili, pasi na ridabo, ambayo bila wewe hawakuwa nayo. Tena mchezaji anajua karata kubwa ziko kwa nani. Mmbea haelezi siri kwa rafiki tu, na adui anasikia.

Kisha akapiga mstari chini, akaandika la tano: kimya nacho kinasema. Nilimuuliza maana yake. Akanijibu, "Utakuja kuiona."

JUMATANO YA MWISHO

Miezi mitatu inaisha. Daktari kafungua shupaza moja. Mkewe kasema pau mbili, safari hii ni pau za kweli. Daktari karuka shupaza tatu, mkewe nne. Daktari akavuta pumzi, akasema, "Nne bila turufu."

Hilo ni swali la Blackwood, lililobuniwa na Easley Blackwood wa Indianapolis mwaka 1933: "Una ree ngapi?" Mkewe akajibu uru tano. Maana yake, ninayo moja. Haina uhusiano na uru.

Zamu yangu. Mkononi nina kopa tano zenye kingi na kwini. Nina ree ya pau. Uru nina tisa, tano na nne, takataka tupu.

Kiherehere kikaanza kunipanda. Unajua ile hali ya kutaka kufanya kitu, chochote, ili waone upo? Lakini nikajiuliza swali la tatu: nataka uru? Sitaki. Pasi. Na nikaisema kwa mwendo uleule wa kawaida, kwa sababu ukisitasita kwanza halafu ukapasi, umekonyeza, na mwenzio haruhusiwi kutumia kusitasita kwako.

Daktari akamalizia: shupaza sita. Ahadi ya mizunguko kumi na mbili. Mwalimu pasi, mke wa Daktari pasi, ikarudi kwangu.

Hapa sasa, msomaji wangu, jasho lilinitoka. Nina ree, nina kingi na kwini ya kopa. Mtu anaahidi kupoteza mzunguko mmoja tu mbele ya karata hizi? Mkono mzima ulikuwa unapiga kelele: dabo, dabo, dabo!

Lakini nilikumbuka somo la Theodore Lightner. Mmarekani huyu alifundisha kwamba wapinzani wakifika sita kwa hiari yao, dabo isitafute alama chache za ziada. Imwambie mwenzio atupe karata ya ajabu, ambayo kwa kawaida asingeitupa. Mara nyingi ni aina ya kwanza aliyoitaja dami. Na dami kataja nini? Pau! Nikisema dabo, Mwalimu ataanza pau. Nitakula ree yangu, halafu Daktari atatupia kopa zake mbovu kwenye pau kubwa za mkewe, na ahadi imetimia.

Nikameza mate. "Pasi."

Mwalimu akaziangalia karata zake muda mrefu. Alikuwa na uru tano, jeki na kumi juu. Mtu yeyote angeanza jeki ya uru. Akaishika... akairudisha. Akatupa kopa mbili.

Dami akafunua: ree na kwini ya uru, na pau tano, kingi na kwini juu. Kopa ana sita na nne tu. Niliweka kwini, Daktari akala kwa ree. Akatoa turufu, akaja pau. Nikaruka na ree yangu, nikaipiga mezani kingi ya kopa. PAA! Mizunguko miwili. Mkataba umekufa kwa mmoja. Ingekuwa alama 980 zao, imekuwa 50 zetu.

Daktari akauliza, "Mwalimu, kopa umeiotea wapi?"

"Sikuotea," alijibu. "Kijana angetaka uru, alikuwa na nafasi ya kusema mkeo alipojibu uru tano. Hakusema. Angetaka pau, angepiga dabo mwishoni. Hakupiga. Turufu siwezi kuianza. Kimebaki nini?"

Halafu akacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka tangu msiba. "Marehemu mume wangu angepiga dabo," akasema. "Yule baba alikuwa hawezi kunyamaza kabisa!" Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, na sisi tukajifanya tunapanga vikombe.

Habari ya kiti hakuitaja. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni aliniambia tu, "Jumatano usichelewe, na uje na mkate." Karata hakuzirudisha kabatini. Aliziacha mezani.

Nilitembea tena hadi nyumbani, safari hii napiga mluzi. Na nikafikiri juu ya washikaji wangu, na mimi mwenyewe, tunavyoropoka kwenye simu usiku wa manane, tunavyonyamaza palipohitaji neno moja tu. Kabla ya kufungua mdomo jiulize: ninayemwambia atafanya nini na neno hili, na nani mwingine anasikia? Ukishapata jibu, sema kwa sauti. Ukikosa, pasi, halafu mwamini mwenzio atakisoma kimya chako.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe unayejikuna sikio hapo kijiweni... tumekuona!